Kuku mmoja anaumwa, wenzake wote wazima: je, ni mdondo, na nianzie wapi kabla ya kununua dawa?

Tetea wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, ndugu wafugaji. Ninafuga kuku wa kienyeji wachache uani kwangu, Kihonda, Morogoro, kwa ajili ya mayai ya nyumbani na kuuza jogoo mmojammoja watoto wanapohitaji daftari. Koo wangu mmoja, ambaye amekwisha kuangua na kulea vifaranga zaidi ya mara moja, amebadilika tangu mwanzoni mwa wiki. Hutoka bandani wa mwisho, hujikunyata pembeni mwa ukuta akiwa amefumba macho, na manyoya yamemsimama. Nikimwaga chenga za mahindi huja pamoja na wenzake, hudonoa punje mbili tatu, kisha huinua kichwa na kuanza kuipinda shingo upande huu na upande ule. Kinyesi chake ni kidogo, cha majimaji, chenye ukijani na weupe mwingi. Hajataga tangu aanze hali hiyo.

Jirani yangu, alipoona ile shingo na ule ukijani, alisema bila kusita kwamba huo ni mdondo na kwamba niwauze wote kabla ya Jumapili. Duka la dawa za mifugo nililopitia lilinipa pakiti ya oksitetrasaiklini (antibiotiki) ya unga niichanganye kwenye maji ya kunywa ya kuku wote, wala muuzaji hakuniuliza swali hata moja kuhusu mgonjwa. Bado sijaifungua. Kuku wote walipata chanjo ya mdondo ya matone mwezi Aprili, na sasa tumo mwezi Agosti. Naombeni mnisaidie kujua niangalie nini.

Afisa Mstaafu

Dada Tetea, umefanya vyema kutoifungua hiyo pakiti, na umefanya vyema zaidi kueleza kwa undani, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo moja linalonifanya nisiharakishe kukubaliana na jirani. Unasema anaugua mmoja tangu mwanzoni mwa wiki na wengine ni wazima. Mdondo, ambao wengine tunauita kideri, hauna tabia hiyo katika kundi lisilo na kinga. Virusi vyake hutoka kwa kinyesi, makamasi na pumzi, kuku wanaokunywa chombo kimoja huambukizana haraka, na dalili huanza kwa wastani wa siku tano au sita baada ya kuambukizwa, ingawa huweza kuwa siku mbili au hata kumi na tano. Kwa hiyo huwezi kuuondoa kabisa kwenye orodha leo, hasa kwa kuwa tumo katika kiangazi, msimu ambao ugonjwa huu hupenda kulipuka, na kinga ya chanjo ya Aprili imeanza kupungua. Hata hivyo ungekuwa mdondo mkali, naamini kufikia sasa ungekuwa na mgonjwa wa pili au wa tatu.

Hizo dalili mbili zilizomtisha jirani yako zina maelezo mengine. Kinyesi cha kijani hutokea kwa kuku yeyote asiyekula, kwa maana kinachopita ni nyongo bila chakula cha kuifunika, na ule weupe ni mkojo wake, ambao kuku hutoa pamoja na kinyesi. Ama shingo, tofautisha kati ya kuku ambaye shingo imempinda na hawezi kuinyoosha, akizunguka au kurudi nyuma bila kutaka, na kuku anayeipinda mwenyewe kwa sekunde chache baada ya kumeza, kisha akatulia. Wa kwanza ameathirika mishipa ya fahamu. Wa pili anajaribu kusukuma kitu kilichomo kwenye gole, yaani kile kifuko cha shingoni ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni.

Leo hii mtenge. Mweke kwenye boksi au tenga lenye maranda makavu, mahali penye joto na giza kiasi, mbali na wenzake, na awe na chombo chake mwenyewe cha maji. Wahudumie wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni. Usiku akiwa ametulia mshike, umkague kwa mikono, kwa maana kuku ni mnyama anayeficha ugonjwa mchana akiwa mbele ya wenzake, na macho peke yake hayatakupa jibu.

Anzia kichwani. Upanga wake ni mwekundu, umepauka au umekuwa wa zambarau? Kuna magamba au vipele kwenye upanga, ndevu na kope, kama inavyokuwa kwa ndui? Uso umevimba na pua inatoa kamasi lenye harufu mbaya, jambo ambalo lingetupeleka kwenye mafua ya kuku? Mfungue mdomo uangalie utando mweupe au wa njano, kisha unuse pumzi yake. Sikiliza kama anakoroma. Shuka hadi kwenye gole, lililo chini ya shingo kuelekea upande wa kulia, na ubonyeze taratibu ujue kama ni tupu, laini, limejaa maji au gumu. Papasa kidari: mfupa ukichomoza kama kisu na nyama pembeni imekwisha, basi ugonjwa umeanza zamani kuliko ulivyodhani, na hapo minyoo na homa ya matumbo huingia kwenye mawazo. Tazama ngozi chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja, uone kama kuna chawa au utitiri. Papasa tumbo kati ya mifupa miwili ya nyonga, ambapo yai lililokwama huhisika kama kitu kigumu cha mviringo. Mwisho angalia nyayo na uone kama anasimama kwa miguu yote miwili.

Jambo moja zaidi: gole likaguliwe usiku, kisha likaguliwe tena alfajiri kabla hajapewa chochote. Kuku mzima hulala gole likiwa limejaa na huamka likiwa tupu.

Banda la Uani

Mkuu hapo juu ameeleza kitaalamu, nami sina la kupinga, ila naomba tuzungumze pia kuhusu hesabu. Huyu ni kuku mmoja wa kienyeji. Nauli ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, malipo ya uchunguzi na dawa vitazidi bei yake sokoni, na hapohapo kundi zima lipo hatarini. Mimi hapa kwangu Dodoma kuku akizubaa zaidi ya siku mbili humchinja, nikafungua tumbo, nikaona ini na matumbo. Ini likiwa limevimba na lina rangi ya shaba, najua ni homa ya matumbo. Utumbo ukiwa na damu kwa tetea wadogo, najua ni kuhara damu. Kwa njia hiyo napata jibu la kundi lote kwa gharama ya kuku mmoja.

Afisa Mstaafu

Ndugu yangu, kufungua mzoga ni uchunguzi halali na mara nyingi ndio wenye jibu la uhakika, na kama kuku angekuwa amekufa ningemwambia dada amfunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, amweke kwenye ubaridi bila kumgandisha, na ampeleke upesi maabara. Yeye yupo Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kina watu wa fani hii, na Wakala ya Maabara ya Veterinari nayo hupokea sampuli. Lakini kumchinja mgonjwa uani, damu na matumbo yakamwagika pale wazima wanapochakura, ni njia ya uhakika ya kusambaza ugonjwa kama kweli ni mdondo au kipindupindu cha kuku. Zaidi ya hapo, usile nyama ya kuku uliyemchinja kwa sababu anaumwa ugonjwa usiojulikana.

Na hilo la kuwauza wote kabla ya Jumapili, ambalo jirani alilishauri kwa nia njema, ndilo hasa linaloueneza mdondo kutoka kijiji hadi kijiji kila kiangazi: kuku aliyekwisha kuambukizwa lakini bado anaonekana mzima huwekwa kwenye tenga la mchuuzi, hupanda baiskeli, hulala gulioni na wenzake wa nyumba ishirini, kisha hununuliwa na mtu anayetaka mbegu.

Bibi Makoo

Wajukuu zangu, nimewasoma wote. Mimi nafuga Muheza tangu enzi ambazo chanjo yenyewe hatukuijua, na kila mwaka mdondo ulipita ukatuachia banda tupu. Tetea, mwanangu, kabla ya yote hakikisha huyo koo haatamii. Koo anayetaka kuatamia hupunguza kula, hujitenga, husimamisha manyoya ukimsogelea, na akishuka kiotani hutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali ambacho mgeni hudhani ni ugonjwa. Kinyesi kingine kinachowatisha wengi ni kile cha kahawia kinachonata kama ugoro, ambacho kuku mzima hukitoa mara moja katika kila mara nane au kumi. Hicho hakina neno.

Kama si kuatamia, mimi ningempa maji ya majani ya mwarobaini na shubiri. Majivu pia mtengenezee sehemu ya kuogea, chawa hawayapendi.

Tetea wa Kihonda

Shikamoo Bibi. Haatamii, kwani kiotani hakai kabisa na ukimshika hapigani.

Nimemkagua kwa utaratibu niliopewa. Upanga umepauka kidogo lakini hauna vipele. Macho ni safi, pua kavu, mdomoni hamna utando, na hakoromi. Miguu yote miwili ina nguvu. Tumbo ni laini na sikuhisi yai. Chawa wapo wachache chini ya mabawa. Kidari kimeanza kuchomoza. Gole ndilo lililonishangaza: usiku lilikuwa limejaa ingawa mchana kutwa hakula kitu cha maana, na alfajiri lilikuwa vilevile, gumu, ukilibonyeza linabonyea kidogo kama unga uliokandwa na kubaki na alama ya kidole. Pumzi yake ina harufu ya uchachu kwa mbali. Wenzake wote wanakula, na nimekagua magole ya watatu kati yao alfajiri hiyohiyo, yalikuwa matupu.

Afisa Mstaafu

Marahaba kwa niaba ya Bibi, na hongera kwako, dada, hasa kwa wazo la kulinganisha na wazima. Sasa tuna mahali pa kushika. Gole linalobaki limejaa na gumu alfajiri ni gole lililoziba. Chakula kinaingia lakini hakishuki kwenda kwenye firigisi, hivyo kuku anakufa njaa akiwa na gole limejaa, na dalili zake zote ulizozitaja mwanzo zinaelezeka kwa jambo hilo moja. Mara nyingi chanzo ni majani marefu yaliyokauka, maganda, nyuzi za kiroba, vipande vya mifuko ya nailoni au kamba, vitu ambavyo hujisokota na kuwa donge. Kiangazi hali huzidi kwa sababu majani mabichi yamekwisha na kuku hudonoa yale makavu yenye nyuzinyuzi. Kukosa changarawe ndogo za kusagia ndani ya firigisi nako huchangia.

Fanya hivi. Mwondolee chakula kigumu chote, lakini maji safi yawepo muda wote. Mpe mafuta ya kula kidogo yaliyopashwa hadi uvuguvugu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, ukimpa nafasi ya kumeza mwenyewe. Usimiminie katikati ya ulimi, kwa maana tundu la njia ya hewa lipo palepale nyuma ya ulimi na mafuta yakiingia mapafuni utampoteza kwa sababu nyingine kabisa. Kisha likande gole kwa vidole, taratibu, kwa dakika chache, ukijaribu kuvunjavunja lile donge, na urudie mara kadhaa kwa siku. Kuna watu watakuambia umning'inize kichwa chini ili atapike. Usifanye hivyo. Kuku hutapika vibaya, na wengi hufa kwa kupaliwa mikononi mwa mwenye nia ya kuwaponya.

Ukiona gole linalainika na alfajiri linapungua, endelea. Likibaki gumu baada ya siku moja au mbili za kukanda, au akianza kulegea asiweze kusimama, muone daktari wa mifugo, kwa sababu tiba iliyobaki ni kulipasua. Ni upasuaji mdogo: sehemu hutiwa ganzi, ngozi na gole hukatwa, donge hutolewa, kisha gole hushonwa peke yake na ngozi peke yake. Usijaribu mwenyewe kwa wembe, hata kama umesikia mtu alifanikiwa.

Oksitetrasaiklini haiwezi kuyeyusha nyuzi za kiroba. Tena dawa ya aina hiyo ikitumika pasipo sababu huua vijidudu vyema vya tumboni na kuwaachia fangasi nafasi ndani ya gole, nawe tayari umenusa uchachu. Kuwapa wazima wote kwenye maji kungekulazimu pia kutupa mayai yao katika kipindi chote cha dawa na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti.

Bibi Makoo

Kwa gole, mwanangu, hata mimi sina ubishi. Mama yangu alikuwa akikanda hivyohivyo kwa mafuta ya nazi. Huo mwarobaini niliousema uache kwanza, usimwongezee kitu cha kukaa juu ya kisichoshuka.

Banda la Uani

Swali kwa mkuu. Tuseme gole limepona. Mdondo je? Kwa nini asiwachanje wote leo, akamaliza wasiwasi?

Afisa Mstaafu

Wazima awachanje, na wakati umefika. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, hutolewa tone moja kwenye jicho moja kwa kuku wa umri wowote, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Faida yake kubwa kwetu wa uani ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo safari kutoka dukani hadi nyumbani haiiharibu kirahisi, ingawa si sababu ya kuiweka juani au mfukoni siku nzima. Changieni majirani kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na jirani ambaye hajachanja ni hatari kwako vilevile.

Mgonjwa asichanjwe sasa. Mwili wenye njaa haujengi kinga nzuri. Na kumbuka kwamba chanjo ni kinga, haitibu: kama virusi vimekwisha kuingia, tone halitavitoa, na kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa. Kwa hiyo dada aendelee kuwaangalia wazima kila asubuhi na jioni. Akiona wawili au watatu wamezubaa kwa pamoja, wanahema kwa midomo wazi, mabawa yameshuka, au shingo imejipinda isinyooke, basi gole lilikuwa jambo la pembeni, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa siku hiyohiyo. Watakaokufa wachomwe au wazikwe kwa kina ambacho mbwa hawafukui.

Tetea wa Kihonda

Nawaletea mrejesho. Kukanda kulilainisha upande mmoja tu, na alfajiri iliyofuata gole lilikuwa bado limejaa, hivyo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alilipasua mbele yangu, kazi haikuchukua muda mrefu, akatoa donge la majani makavu lililosokotana na nyuzi nyeupe za kiroba cha pumba, ndefu kuliko nilivyodhani kuku anaweza kumeza. Amenipa dawa ya kumdunga na kuniambia mayai yake nisiyale mpaka siku za kusubiri ziishe. Nimemwanzishia uji mwepesi wa mahindi na yai lililochemshwa na kupondwa, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, na gole sasa linaisha usiku.

Viroba nimeviondoa uani, pumba iko kwenye ndoo yenye mfuniko. Wazima wamechanjwa, pamoja na wa yule jirani. Naomba kujua mambo mawili: lini apewe dawa ya minyoo, kwa kuwa kidari kimechomoza sana, na lini arudi kwa wenzake? Leo nilimtoa dakika chache, na koo mwingine alimrukia mara moja akataka kumdonoa mshono.

Afisa Mstaafu

Minyoo subiri hadi kidonda kifunge na awe anakula chakula chake cha kawaida, kisha uwape wote kwa pamoja, kwa kipimo cha uzito kilichoandikwa kwenye dawa, kwani kumtibu mmoja na kumrudisha kwenye uwanja uleule ni kupoteza fedha. Chawa wachache uliowaona washughulikie wakati huohuo, na hapo ndipo majivu ya Bibi yatakapopata kazi.

Kuhusu kurudi, asirudi mpaka daktari aseme mshono umepona, kwa sababu kuku huvutwa na rangi nyekundu na wenzake watamfungua upya. Akiwa ndani ya tenga lake, mweke bandani karibu na wenzake ili waonane bila kufikiana, wale kila upande wakiwa wanatazamana. Cheo chake amekwisha kukipoteza, na atalazimika kukigombania tena. Siku ya kumwachia, mpandishe kwenye kichanja jioni wakati giza linaingia, na asubuhi weka vyombo viwili vya chakula vilivyo mbali kwa mbali, ili huyo mwenye ubabe asiweze kuvilinda vyote.

Tetea wa Kihonda

Ahsanteni. Mshono unakaguliwa Ijumaa, na tenga nimekwisha kulisogeza bandani.